Daftari Moja, Pande Mbili: Mwanafunzi wa Mpakani na Hesabu ya Sahani Yake

Daftari lilikuwa la kurasa 96, jalada lake limelainika kwa mafuta na moshi, na lilihifadhiwa ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga kwenye rafu ya kibanda. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mtu juu, na chini ya jina vijiti vya kalamu: kijiti kimoja sahani moja, cha tano kimelazwa juu ya wenzake wanne kama kamba ya mzigo wa kuni. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, wiki ya 11 ya muhula. Pesa za mkopo zilikuwa zimeniishia tangu wiki ya sita, na ukurasa wangu ulikuwa umejaa hadi mama wa kibanda akanifungulia wa pili.

Siku hiyo mama alinipa daftari nihesabu deni langu mwenyewe huku yeye akigeuza chapati. Nikafunua ukurasa wa jirani bila kukusudia. Ulikuwa wa msichana tuliyesoma naye darasa moja. Nao ulikuwa na vijiti, tena vingi, lakini vyake vilikuwa vikikatwa kimoja kimoja kwa kalamu nyekundu. Nikamwuliza mama maana yake. Akasema yule alilipia sahani 60 siku mkopo ulipoingia, na kila akija kula, kijiti kimoja kinakatwa.

"Wewe, mwanangu, unaandikwa," akaniambia. "Mwenzako anafutwa."

Maharage yalikuwa ya sufuria moja na benchi lilikuwa moja. Mimi nilikuwa nikila na kuongeza deni, yeye alikuwa akila na kupunguza akiba. Yeye alipakuliwa upawa wa ziada bila kuomba, kwa sababu pesa zake za mapema ndizo zilizomwezesha mama kununua maharage kwa debe badala ya gorogoro moja moja. Mimi niliyekopa nilipokea sahani yangu macho yakiwa chini.

Miaka imepita, na bado kila ninapopita kwenye vyuo vya mpakani Busia na Tororo mwanzoni mwa muhula nalikumbuka daftari lile. Vijana hushuka kwenye matatu na boda boda wakiwa na masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na ndoo. Wamechagua kozi kwa miezi, na chumba kwa wiki. Jinsi watakavyokula kwa siku zaidi ya mia moja zinazofuata, wengi hawajaifikiria hata kwa dakika kumi. Makala haya ni ya hizo dakika kumi.

Vyuo vya mpakani

Upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Alupe kipo kando ya barabara inayotoka Busia kwenda Malaba. Kilianza mwaka 2015 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2022. Upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007. Makao yake makuu yapo Busitema, wilaya ya Busia, kwenye barabara kuu ya Jinja hadi Tororo, mahali palipokuwa chuo cha taifa cha zana za kilimo. Kampasi yake ya Nagongera, wilaya ya Tororo, zamani ilikuwa chuo cha walimu, na leo inafundisha sayansi na ualimu. Kampasi nyingine zipo mbali zaidi, zikiwemo Mbale na Arapai.

Kampasi hizi za mpakani hazipo katikati ya jiji. Mwanafunzi wa Nairobi au Kampala akichoka na kantini ya chuo hutembea dakika chache akapata mikahawa ishirini. Wa Nagongera au Alupe ana kantini, ana vibanda vichache vilivyojipanga nje ya lango, na ana jiko lake chumbani. Akikosea hesabu, hana pa kukimbilia.

Chakula chenyewe hubadilika majina ukivuka mpaka, lakini tumbo halioni tofauti kubwa. Kwa Waganda ni posho (ugali wao) na maharage, au kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, au rolex ya chapati na mayai. Kwa Wakenya ni chapo madondo (chapati na maharage), githeri, ugali na sukuma wiki. Dagaa wa ziwani huitwa omena huku na mukene kule. Wateso, ambao mpaka uliwakata nusu kwa nusu, hula atapa, ugali wao, pande zote mbili. Wasamia nao wapo huku na kule, na ugali wao wa muhogo uliochanganywa na mtama hauulizi pasipoti. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Hata boda boda inayomleta mwanafunzi langoni ina asili yake hapa: jina lilizaliwa Busia, kwa wapanda baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha nchi moja na cha nchi ya pili. Watu wa mpakani wana desturi ya kutengeneza utaratibu wao pale ambapo serikali haikuweka wowote. Daftari la mama wa kibanda ni utaratibu wa aina hiyo.

Zamani chakula kilikuwa cha serikali

Kijana anayepika ugali kwa koili ya umeme chumbani, huku akisikiliza kama msimamizi wa hosteli anapita, anaweza kudhani mambo yamekuwa hivyo siku zote. Sivyo. Wazazi na babu zetu waliosoma vyuo vya Afrika Mashariki waliketi mezani wakapakuliwa. Chakula kilikuwa sehemu ya chuo kama maktaba ilivyo.

Nacho kilikuwa na uzito wa kisiasa. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula kibaya. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa Abu Mayanja, kijana ambaye mwaka huohuo alikuwa ameshiriki kuanzisha chama cha Uganda National Congress pamoja na Ignatius Musazi. Mayanja alikwenda kumalizia masomo Cambridge, akarudi, na baadaye akawa waziri.

Kisha ikaja miaka ya kupunguza matumizi ya serikali kwa masharti ya wakopeshaji wa nje. Nchini Uganda posho za pesa za wanafunzi ziliondolewa. Desemba 1990, katika mgomo wa kupinga hatua hiyo, polisi waliwapiga risasi wanafunzi wawili wa Makerere wakafa. Kenya nayo mwaka 1991 ilileta utaratibu wa kulipa kadiri unavyokula: mwenye pesa anachukua sinia, asiye nazo anapita. Migomo ikazuka, vyuo vikafungwa, vikafunguliwa, na utaratibu ukabaki. Bodi ya mikopo ya HELB iliundwa mwaka 1995, na pesa za kujikimu katika mkopo wake mwanafunzi anakabidhiwa mwenyewe.

Hapo ndipo nchi hizi mbili zinapoachana, na mwanafunzi wa mpakani anafaa kuijua tofauti hiyo. Mkenya mwenye mkopo hupata fungu la karo linalokwenda chuoni na fungu la kujikimu linaloingia mikononi mwake. Uganda ilipitisha sheria yake ya mikopo ya elimu ya juu mwaka 2014, na mkopo huo hulipa karo na ada nyingine za masomo moja kwa moja kwa chuo. Chakula na malazi havimo. Mganda wa Busitema anayesoma kwa mkopo bado analishwa na mfuko wa mzazi, shamba la nyumbani au kibarua chake mwenyewe. Mkenya wa Alupe hupokea pesa nyingi kwa siku moja na kuambiwa zimfikishe mwisho wa muhula.

Mmoja ana shida ya kupata. Mwenzake ana shida ya kugawa. Wote wawili daftari linawahusu.

Hesabu ya siku 112

Tuchukue kalamu. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza Kenya mwaka 2023, mkopo wa kujikimu umekuwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka kutegemea hali ya familia. Gawanya kwa mihula miwili: 20,000 hadi 30,000. Muhula tuuhesabu wiki 16, yaani siku 112.

Tuseme mwanafunzi wa fungu la juu amepanga chumba nje ya chuo kwa 2,500 kwa mwezi. Miezi minne ni 10,000. Anabaki na 20,000. Tuseme chai na mandazi mawili asubuhi ni 40, chapati mbili na maharage mchana 80, na ugali na mboga jioni 80. Jumla 200 kwa siku. Bei hizi ni za mfano, nawe weka za kibanda chako. Elfu 20 kwa 200 ni siku 100.

Siku 100 si haba, utasema. Lakini muhula ni siku 112. Zile 12 zilizobaki ni zipi? Ni za mwisho. Ni za mitihani. Mwanafunzi ambaye hakununua kiatu wala hakutoa hata senti ya nauli anaishiwa chakula siku anapoingia chumba cha mtihani. Wa fungu la chini, aliyebaki na 10,000 baada ya kodi, anafika siku ya 50, wiki ya nane ikianza.

Hesabu hiyo haijaweka simu iliyoanguka ikapasuka kioo, mdogo wake nyumbani aliyetumwa ada, wala michezo ya kubahatisha inayomwita kijana kila anapofungua simu yake. Pesa ikiwa kwenye simu ni ya kila mtu mwenye namba yako. Ndiyo maana nashikilia jambo moja katika makala haya yote: pesa ya chakula iondoke mkononi mwako mapema, igeuke unga, maharage au vijiti kwenye daftari, kabla haijapata kazi nyingine.

Njia nne za kula

Ya kwanza ni kantini ya chuo. Uzuri wake ni kwamba ipo karibu na darasa na bei zake kwa kawaida zimewekwa kwa kumfikiria mwanafunzi. Ubaya wake ni saa. Kabla ya kuitegemea, shika ratiba yako ya masomo uilinganishe na saa zake za kupakua. Mwanafunzi wa uhandisi anayetoka karakana saa tisa alasiri akakuta masufuria yanaoshwa hana kantini, hata kama ipo hatua 50 kutoka alipo.

Ya pili ni kibanda. Mama hukusubiri, hukujua kwa jina, na ukiugua atauliza uko wapi. Chagua kibanda kwa macho: angalia maji ya kunawia, angalia kama chakula kimefunikwa, angalia kama sufuria ya maharage inaisha kila siku au inapashwa ya jana. Penye foleni ya makondakta na mafundi mchana, mara nyingi chakula ni kipya. Homa ya matumbo ikikulaza wiki mbili imekula muhula mzima.

Ya tatu ni kujipikia. Hapa ndipo akiba kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi hushindwa kwa sababu wanapika peke yao. Mtu mmoja akiwasha jiko la makaa kwa ugali wa mtu mmoja ameunguza makaa ya kuwatosha watatu. Pikeni wawili au watatu, mkipokezana zamu. Tufanye hesabu ya watatu. Unga gramu 250 kwa kila mtu usiku mmoja ni gramu 750, na kwa usiku 112 ni kilo 84. Hiyo ni karibu gunia moja la kilo 90. Watu watatu, gunia moja, muhula mzima wa chakula cha jioni. Maharage mara tatu kwa wiki, gramu 100 kavu kwa kila mtu, ni kilo 14 na kidogo, yaani kama gorogoro saba. Ukishaiona hivyo, njaa inapungua ukubwa. Inakuwa mzigo ambao boda boda moja inaweza kuubeba.

Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe asubuhi, kisha yachemshwe mara moja yatumike siku mbili. Anayeyapika makavu kila jioni anachoma pesa. Na koili ya umeme iacheni. Vyuo huipiga marufuku kwa sababu nyaya za hosteli hazikutengenezwa kuivumilia, na moto wa chumba kimoja haubaki chumba kimoja.

Ya nne ni ile niliyoisoma katika ukurasa wa jirani yangu: kulipia kibanda mbele. Ina masharti yake. Usilipie muhula mzima, lipia wiki mbili mbili, kwa sababu kibanda kinaweza kubomolewa, mama anaweza kuugua, chuo kinaweza kufungwa kwa mgomo ukaambiwa uondoke kabla ya jioni. Hesabu iandikwe mara mbili, kwake na kwako. Kubalianeni mapema nini kitatokea ukisafiri nyumbani mwisho wa wiki: vijiti vinakusubiri au vinapotea? Na mkubaliane sahani ni nini, kwa sababu upawa wa Septemba na upawa wa Novemba si lazima uwe mmoja.

Kwa wengi wa mpakani, naona lililo bora ni kuchanganya: asubuhi uji au chai chumbani, mchana vijiti vya mama kwa sababu mchana ndio wakati wa masomo na hakuna muda wa kupika, jioni chungu cha pamoja. Kantini ibaki kuwa ya siku mvua inaponyesha na ya siku za mitihani.

Msimu nao ni mshauri

Anayesoma mpakani ana bahati ambayo mwenzake wa jijini hana: anaishi mlangoni mwa ghala. Mahindi na maharage ya mashariki mwa Uganda hupita Busia na Malaba yakielekea Kenya, na kwa wafanyabiashara wa nafaka wa Soko Matope, Busia, kijana mwenye mfuko na subira hupata bei ambayo duka la rejareja haliwezi kumpa. Februari 2018, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, na Rais Museveni wa Uganda walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambapo mizigo na watu hukaguliwa mahali pamoja badala ya mara mbili.

Lakini bei hufuata mvua. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi, mavuno yake hufika sokoni Julai na Agosti. Mvua fupi huleta mavuno madogo kufikia Desemba na Januari. Mei na Juni maghala yamekauka na debe limepanda. Sasa angalia kalenda ya chuo. Muhula wa kwanza huanza mavuno yakiwa bado mapya. Muhula wa pili huanza Januari na kuishia katika miezi ya ukame wa soko. Anayenunua gunia Januari anakula kwa bei ya Januari hadi mwisho. Anayenunua kilo mbili mbili atakutana na bei ya Aprili wakati mfuko wake nao umefika Aprili. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka. Ila kibaba hujazwa msimu wa mavuno.

Nafaka iwe kavu. Tia mkono ndani ya gunia, si juu tu. Ikiwa na unyevu, harufu ya ukungu au punje zenye madoa ya kijani au meusi, iache hata ukiuziwa nusu bei. Sumu ya kuvu inayoitwa aflatoksini haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ni sumu hiyo iliyotajwa Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania. Nafaka ukiinunua, isage kidogo kidogo. Unga hauhimili miezi minne katika chumba chenye joto.

Wenzetu wanafanyaje

Marekani, vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelala bwenini anunue mpango wa chakula pamoja na karo. Anachagua idadi ya milo kwa wiki, anapewa kadi, na kila mlo unakatwa kwenye kadi. Ni daftari la mama wa kibanda kwa umeme. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi milo usiyokula wiki hii haihamii wiki ijayo, hivyo anayechagua mpango mkubwa kwa kuogopa njaa hulipia sahani zisizopakuliwa. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 2020, mwanafunzi mwenye ruzuku hula mlo kamili kwa yuro 1 katika kantini za umma, kwa kuwa taifa limeamua kwamba njaa haifai kumtoa mtu darasani.

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wawira Njiru alianza Food4Education huko Ruiru mwaka 2012, na leo mtoto wa shule ya msingi nchini Kenya anagusisha bangili yake kwenye kifaa, pesa alizoweka mzazi kwa simu zinakatwa, sahani ya moto inampokea. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilizindua Dishi na County, ambapo mtoto hulipa shilingi 5. Basi mtoto wa darasa la pili ana mpango wa chakula, na kaka yake wa chuo kikuu anashinda kwa strungi, yaani chai ya rangi, na mkate mkavu. Kama bangili inafanya kazi Ruiru, haishindwi kufanya kazi Alupe wala Nagongera, na vibanda vya akina mama nje ya lango vinaweza kuwekwa ndani ya mpango huo badala ya kufukuzwa.

Sahani yenyewe

Kushiba si kula vizuri. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,500, kwa hiyo ugali peke yake unaweza kukufikisha kitandani. Haukupi damu. Wasichana hasa, ambao hupoteza damu kila mwezi, wanahitaji madini ya chuma, na mpakani yanapatikana kwa bei ya chini: omena, maharage, mboga za kunde, mchicha, mlenda. Kamulia limau au kula chungwa pamoja na maharage, mwili utayachukua madini hayo vizuri zaidi. Chai isindikize mandazi ya asubuhi, isiketi mezani pamoja na maharage, kwa kuwa majani ya chai huzuia madini hayo kuingia mwilini. Hakuna gharama hapo. Ni mpangilio tu wa saa moja au mbili.

Na lipo jambo la kusemwa bila kuzunguka. Msichana aliyekaa siku mbili bila kula huonekana na watu wabaya kabla hajaonekana na walimu wake. Sahani ya bure ina mwenye kuilipia, na anayelipa hudai. Mzazi anayedhani pesa ya chakula ni ya anasa, akatuma tu "kidogo kidogo akipata" ajue anachokiweka rehani. Kama huna pesa, tuma chakula. Basi litabeba kilo 10 za unga, mkebe wa siagi ya karanga na gorogoro mbili za maharage. Chakula hicho hakiwezi kutumwa kwa rafiki kwa simu wala kuwekwa kwenye mchezo wa kubahatisha.

Wito

Kwa vyuo: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapopokewa, apewe karatasi moja yenye hesabu ya siku 112, bei za kantini, saa zake, na ushauri wa kugawa pesa kwa wiki. Ratiba za maabara na karakana zisipangwe juu ya saa ya chakula. Kwa wanaotoa mikopo: fungu la kujikimu lisichelewe, na mwanafunzi anayetaka kulipokea kwa wiki badala ya kwa mkupuo apewe nafasi hiyo. Kwa Uganda: mkopo unaomlipia kijana karo ukamwacha na njaa umelipia kiti tu. Chakula kiingizwe humo.

Kwa mwanafunzi sina zaidi ya niliyoyaona. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwa deni la chakula dawa ni kulipa kabla.

Muhula ule nilimaliza nikiwa na deni la sahani 74. Nilifanya kibarua cha kupakia magunia likizo nzima nikalilipa. Mwaka wa tatu ulipoanza na mkopo ukaingia, sikupitia chumbani. Nilikwenda kibandani moja kwa moja nikamhesabia mama pesa za sahani 20, za wiki mbili za mwanzo. Alitoa daftari mkebeni, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu, akachora vijiti vyote 20 palepale mbele yangu huku akihesabu kwa sauti. Kisha akachukua kalamu nyekundu akakata cha kwanza, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa sijala.